Mtunzi Mwenye Kundi Lake

Mtunzi wa muziki wa klasiki akimaliza kuandika nota zake, bado hajafika popote. Atahitaji okestra, ukumbi, kondakta wa kumkubali na mtu wa kulipa gharama, na vyote hivyo kwa kawaida viko mikononi mwa wengine. Philip Glass, Mmarekani aliyezaliwa Baltimore mwaka 1937, hakusubiri kukubaliwa. Mwaka 1968, jijini New York, aliunda kundi lake mwenyewe la vinanda vya umeme, saksafoni na filimbi. Baadaye fundi mitambo wa sauti, Kurt Munkacsi, alihesabiwa kuwa mwanakundi kamili. Walipiga kwenye majumba ya sanaa na maghala ya zamani, mbele ya wachoraji na wachongaji.

Muziki wenyewe ulidai kundi la kudumu. Kazi yake ya mwaka 1968, Two Pages, inaanza kwa sauti tano zinazorudiwa mfululizo. Kisha zile tano zinafuatwa na nne za mwanzo. Halafu nne na tatu. Halafu nne, tatu na mbili. Wote wanapiga sauti zilezile kwa pamoja, bila kupumua, na anayepoteza hesabu anasikika papo hapo. Mbinu hii ya kujumlisha ilitokana na kazi aliyoifanya Paris, alipokuwa akimwandikia mpiga sitar wa India, Ravi Shankar, nota za muziki wa filamu. Okestra ya mazoezi mawili matatu isingeiweza.

Hatua yake ya busara zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kibiashara: hakuwapa wengine nota. Aliyetaka kuusikia muziki ule alilazimika kulialika kundi lake. Hakimiliki alizishika mwenyewe, na mwaka 1971 akashiriki kuanzisha lebo ya kutoa santuri zake.

Gharama ya kujitegemea hivyo haikuwa ndogo. Novemba 1976 opera yake na mwongozaji Robert Wilson, Einstein on the Beach, ilijaza ukumbi wa Metropolitan Opera, lakini iliwaachia deni kubwa. Glass akarudi kuendesha teksi. Alikuwa amevuka miaka 40 alipopata kazi ya kuandika opera ya Satyagraha, iliyoonyeshwa Rotterdam mwaka 1980, na hapo ndipo muziki ukaanza kumlisha.

Vijana wanaotunga leo husifia uhuru huo wa Glass na kusahau uhifadhi wa kazi. Mtunzi Julius Eastman aliishi na kutunga katika jiji hilohilo, kwa ujasiri usiopungua wa Glass, bila kampuni ya kuchapisha kazi zake. Mapema miaka ya 1980 alifukuzwa kwenye nyumba yake, vitu vyake vikatupwa nje, nota zikiwemo. Alifariki mwaka 1990 akiwa na miaka 49. Mtunzi mwenzake, Mary Jane Leach, alitumia miaka mingi kutafuta nakala na kanda zilizobaki kwa marafiki na kwenye maktaba, hadi mkusanyiko wa rekodi za Eastman ulipotoka mwaka 2005. Baadhi ya kazi za Eastman hazijapatikana mpaka leo.