Mtu Mzima Mbele ya Sungura

Gatongora, upande wa Ruiru katika kaunti ya Kiambu, ni mahali ambapo kahawa na nyumba bado zinagombania ardhi. Mashamba makubwa yanakatwa ploti, ploti zinageuka mitaa, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 370,000 katika kaunti ndogo ya Ruiru. Lakini mji haujai kwa siku moja. Kati ya ghorofa na ghorofa hubaki kiwanja kilichozungushiwa seng'enge, mwenyewe akitafuta pesa za kujenga, na nyasi zake zimefika magotini. Pembeni mwa viwanja vya namna hiyo, na kandokando ya mashamba ya kahawa yaliyobaki, sungura wa porini huendelea na maisha yake. Jua likizama hutoka kula. Anayemwona mara nyingi ni mtu anayerudi kutoka kazini: fundi wa mjengo, mama mboga aliyekwisha kufunga kibanda, mwendesha bodaboda aliyepunguza mwendo kwenye kona. Mtu huyo husimama papo hapo. Sauti humpanda, mkono hunyooka: "Ona! Ona sungura!" Na kama yuko na mwenzake, wote wawili huinama kidogo, wakinong'ona na kucheka, huku uchovu wa kutwa umewaondoka.

Furaha hii tumezoea kuiita ya kitoto, na wengine huionea haya. Ninaandika haya kuitetea, kwa sababu naamini tumeipa jina lisilo lake. Sehemu kubwa ya furaha hiyo ni ya mtu mzima. Maumbile yaliiweka ndani ya mlezi, ili kazi ngumu ya kulea isimshinde.

Lakini kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Sungura weupe wanaofugwa kwenye vibanda vya mbao huku Kiambu, wale wa mbegu ya New Zealand na California, asili yao ni sungura wa Ulaya aliyefugwa karne nyingi zilizopita. Wale wa porini wanaoonekana sana Kenya ni ukoo mwingine, ingawa Kiswahili kinawaita wote sungura. Wa kufugwa huzaliwa uchi, macho yamefumba, ndani ya kiota ambacho mama amekitandika manyoya yake mwenyewe. Wa porini huzaliwa juu ya ardhi, penye nyasi, akiwa tayari na manyoya, na macho yake yakiwa wazi. Hachimbi shimo la kuishi. Kinga yake ni kutulia tuli mpaka hatari ifike karibu kabisa, kisha kutimua mbio za kasi inayokaribia kilomita 70 kwa saa, akikata kona ambazo mbwa hawezi kuzifuata.

Sasa turudi kwa yule aliyesimama njiani. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria ambaye baadaye, mwaka 1973, alishiriki Tuzo ya Nobel, alieleza kwamba kuna umbo fulani ambalo binadamu hulijibu bila kufundishwa. Ni umbo la mtoto mchanga: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyo chini usoni, mashavu ya mviringo, miguu na mikono mifupi, mwili laini. Mtu akiliona, alisema Lorenz, moyo wa ulezi huamka ndani yake. Na huamka hata pale ambapo mwenye umbo hilo si mtoto wa mtu, bali ni kifaranga, mbwa mdogo au mwanasesere.

Wataalamu waliomfuata walilipima wazo hilo. Mwaka 2008 kundi la Morten Kringelbach lilionyesha watu wazima picha za nyuso za watoto wachanga wasiowajua, na nyuso za watu wazima pia. Kwa nyuso za watoto, sehemu ya ubongo iliyo juu kidogo ya macho, inayohusika na mambo yanayotupendeza, iliitika kwa takriban sehemu moja ya saba ya sekunde. Huo ni muda mfupi mno kwa mtu kuamua afurahi au asifurahi. Mwaka uliofuata Melanie Glocker na wenzake walichukua picha za watoto wachanga wakazirekebisha, nyingine zikawa na nyuso za mviringo na macho makubwa zaidi, nyingine kinyume. Walioonyeshwa ni wanawake ambao hawajawahi kuzaa. Kadiri uso ulivyokaribia umbo lile la Lorenz, ndivyo sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilivyoamka zaidi. Ubongo haukungoja mtu awe mzazi. Na ingawa hata watoto wa miaka 3 huvutiwa na umbo hilo, anayehitajika kulifanyia kazi ni mtu mzima, yule mwenye uwezo wa kubeba, kulisha na kukesha.

Hapa lakini pana tatizo, na wengi wanaoandika juu ya jambo hili hulipita kimya. Lorenz aliambatanisha maelezo yake na mchoro wa vichwa. Upande mmoja aliweka vile vinavyoamsha ulezi: mtoto wa binadamu, panya wa jangwani, mbwa mdogo mwenye uso bapa, ndege mdogo wa mviringo. Upande wa pili aliweka vile visivyoamsha kitu: mwanamume mzima, mbwa wa kuwindia, ndege mwenye mdomo mrefu, na sungura wa porini. Ndiyo, sungura wetu aliwekwa upande wa wasiopendeza.

Na ukimtazama kwa ubavu, mchana, akiwa amesimama, utaona alichokiona Lorenz. Uso ni mrefu, miguu ya nyuma ni mirefu, mwili umekonda kama wa mkimbiaji wa mbio ndefu. Mbona basi fundi wa Gatongora anasimama?

Nadhani sababu ya kwanza ni jinsi anavyoonekana. Mara nyingi hatumwoni akiwa amesimama. Tunamwona amejikunyata, masikio ameyalaza mgongoni, miguu ameikunja chini ya mwili, amekuwa tonge moja la manyoya lenye macho mawili. Mwanga wa jioni hufuta urefu wa pua. Katika mkao huo anarudi upande ule mwingine wa mchoro. Macho nayo ni makubwa kweli, ila hayakuumbwa kutupendeza. Yako ubavuni mwa kichwa ili aone karibu pande zote bila kugeuka, kwa kuwa kila kitu kinamwinda: mbweha, tai, chatu, mbwa wa mtaani. Masikio yaliyojaa mishipa ya damu humpunguzia joto la mchana na humwarifu hatua ya adui. Tunachokiona kama uso wa mtoto ni uso wa mnyama ambaye ukoo wake umekuwa ukikimbia kifo kwa mamilioni ya miaka. Mimi jambo hili huniongezea mapenzi kwake.

Sababu ya pili haimo usoni. Mtu yuleyule anayesimama njiani huenda nyumbani kwake ana vibanda sita vya sungura, kila asubuhi anawawekea majani na kuangalia kama maji yamekwisha, na mkojo wao anaukinga aunyunyizie mboga kufukuza wadudu. Sungura hao wana nyuso za mviringo kuliko yule wa porini. Kwa kipimo cha Lorenz wangestahili kumfurahisha zaidi. Hawamtoi kelele hata kidogo. Wa kibandani ana hesabu: chakula, dawa, bei ya nyama. Yule wa nyasini hadaiwi na hadai. Amekuja bila kuitwa, ataondoka apendapo, na kwa watu ambao siku nzima kila mtu amewataka kitu, mkutano wa namna hiyo ni adimu. Ndiyo maana siamini kwamba umbo peke yake linatosha kueleza furaha hii.

Mwili nao una yake. Tazama watu walivyo mara baada ya ile kelele ya kwanza: wananyamaza, wanashusha mabega, wanatembea kwa ncha za vidole. Mwaka 2009 Gary Sherman na Jonathan Haidt, pamoja na mwenzao Marekani, waligundua kwamba watu walioonyeshwa picha za watoto wa mbwa na paka walifanya kazi ya mikono kwa uangalifu zaidi kuliko walioonyeshwa mbwa na paka wakubwa. Hiroshi Nittono na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hiroshima walipata matokeo yanayofanana mwaka 2012, katika mchezo wa kuchomoa vitu vidogo kwenye matundu bila kugusa kingo. Umbo la mtoto hutuandaa kushika kitu kinachovunjika. Halafu kuna ile hamu ya ajabu ya kumbana, kumfinya, hata kumng'ata, ambayo kila shosho anayefinya mashavu ya mjukuu anaijua. Oriana Aragón, alipokuwa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha utafiti mwaka 2015 uliopendekeza kwamba hamu hiyo husaidia kusawazisha hisia. Furaha imezidi kipimo, na nafsi inatafuta pa kuipunguzia.

Kuna kitu cha utoto kweli katika jambo hili, nacho ni hadithi. Hapa Afrika Mashariki hatukutani na sungura tukiwa wageni kwake. Kabla hatujamwona kwa macho tumekwisha kumsikia jikoni kwa bibi na kumsoma darasani: mdogo kuliko wote, anamzunguka fisi, anamtumbukiza simba kisimani, na siku nyingine anazikosa ndizi na kudai ni mbichi. Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walivuka bahari na visa vya mnyama huyu, na mwaka 1880 Joel Chandler Harris alichapisha mkusanyo wa visa vya huko, sungura akiwa shujaa wake mkuu. Mtu mzima anapopaza sauti kando ya barabara ya Gatongora, anamtambua mtu anayemjua tangu akiwa na miaka minne. Tembo na simba nao wamo hadithini, lakini kuwaona hulipiwa tikiti. Sungura ni mmoja wa wachache katika baraza lile ambao bado wanaweza kutokea nyuma ya nyumba.

Sio kila mtu atamshangilia, na ni haki. Mkulima ambaye miche yake ya maharagwe imekatwa usiku ana neno lingine la kumwita. Wazee waliokulia huku wanakumbuka vijana na mbwa wakimwinda kwa ajili ya nyama. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inaendelea kuukataza. Furaha ninayoieleza inahitaji tumbo lisilo na njaa na shamba lisiloliwa. Kadiri kahawa inavyopungua na mabati yanavyoongezeka, wengi zaidi wanampata sungura bila ugomvi huo, na sungura wenyewe wanapata mahali pachache zaidi pa kujificha.

Hatari iliyobaki inatoka kwa mapenzi yenyewe. Mtu anakata nyasi kwenye ploti, anakuta mtoto wa sungura amejilaza peke yake, macho wazi, hakimbii. Kila kitu alichokieleza Lorenz kinaamka kwa pamoja: mama yake yuko wapi, ameachwa, tumbebe nyumbani tumpe maziwa. Kwa kawaida hajaachwa. Hivyo ndivyo sungura wa porini wanavyolea. Mama huwaacha watoto wametawanyika, kila mmoja mahali pake, akakaa mbali ili harufu yake isiwaonyeshe adui njia. Sungura wa porini waliochunguzwa Ulaya hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache, muda mfupi baada ya jua kutua. Mtoto aliyebebwa na kupewa maziwa ya ng'ombe mara nyingi hufa. Kama ameshaokotwa, arudishwe palepale alipokutwa, mbwa wafungwe, na watu waondoke kabla giza halijaingia, kwa kuwa saa ile ya jioni ambayo sisi hupenda kusimama na kumulika tochi ya simu huenda ndiyo saa ambayo mama anasubiri pembeni njia iwe wazi.