Chambo kipi kwa samaki yupi? Mvuvi wa ukingoni na mito ya Arua na Koboko

Jua linapokaribia kuzama kwenye kingo za Mto Nile, mashariki mwa Arua, mvuvi asiye na mtumbwi huwa na vitu vitatu: mshipi, ndoano na chambo. Viwili vya kwanza hupatikana dukani. Cha tatu ndicho huamua iwapo atarudi nyumbani na kitoweo au mikono mitupu, na mara nyingi huchaguliwa kwa mazoea tu.

West Nile iko mbali na bahari. Uvuvi wa kutupa mshipi kutoka nchi kavu, ambao wakazi wa pwani huufanya mbele ya mawimbi, hapa hufanyika mbele ya mkondo wa mto. Kanuni, hata hivyo, ni ile ile: samaki hukifuata chambo kinachoigusa hisi anayoitumia kutafuta chakula.

Mto mkubwa na vijito

Sehemu ya Nile itokayo Ziwa Albert, ijulikanayo kama Nile ya Albert, hupita Pakwach na Rhino Camp kabla ya kuingia Sudan Kusini. Ni mto mpana, wenye mafunjo na magugu kando yake. Koboko haina mto wa ukubwa huo. Wakazi wake wana mito midogo kama Kaya, ulio mpakani na Sudan Kusini, pamoja na vinamasi na mabwawa ya kuchimbwa. Kwa hiyo chambo kinachofaa Rhino Camp si lazima kifae Koboko, kwa kuwa samaki wanaotarajiwa si wale wale.

Kambare hutafuta kwa harufu

Samaki wa kawaida wa vijito na vinamasi ni kambare. Ana jozi nne za masharubu ambazo humwezesha kuonja na kupapasa chini ya maji yaliyojaa tope, na huwinda zaidi usiku. Kwake rangi ya chambo haina maana kubwa. Harufu ndiyo yenye uzito. Nyungunyungu waliotoka kuchimbwa, utumbo wa kuku au kipande cha samaki kilichoanza kunuka humvuta kutoka mbali. Huko Ziwa Kariba, kusini mwa Afrika, wavuvi humnasa vundu, jamaa mkubwa wa kambare, kwa vipande vya sabuni ya kufulia.

Chambo cha namna hii hulazwa chini kabisa. Mvuvi hufunga chubwi yenye uzito wa kutosha kuizuia ndoano isikokotwe na mkondo, kisha husubiri. Mvua zinapoyachafua maji, wakati wavuvi wengine wakilalamika, mvuvi wa kambare huwa na nafasi nzuri zaidi.

Sangara huwinda kwa macho na mtikisiko

Katika Ziwa Victoria sangara ni mgeni aliyepandikizwa miaka ya 1950. Katika Ziwa Albert na Nile ya Albert yeye ni mwenyeji wa tangu na tangu. Macho yake yana utando wa ndani unaoakisi mwanga, hivyo huona vyema jioni na alfajiri, saa ambazo samaki wadogo hawaoni vizuri. Ubavuni ana mstari wa hisi unaotambua mtikisiko wa maji.

Ndiyo maana chambo bora kwake ni samaki mdogo aliye hai. Ndoano hupitishwa kwa uangalifu kwenye nyama ya mgongo, bila kugusa uti, ili samaki aendelee kuogelea. Chambo kilichokufa huweza kumpata sangara, lakini hakina mtikisiko unaomwita.

Chambo bandia, yaani samaki wa mti, plastiki au bati mwenye ndoano tumboni, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: hutikisika kinapovutwa. Ndicho hutumiwa na wavuvi wengi wa burudani katika Hifadhi ya Murchison Falls. Humfaa mvuvi mwenye fimbo na gurudumu la kukunjia mshipi, katika maji yasiyo na tope jingi. Penye magugu mengi, hunasa majani kuliko samaki, na kikikatika hasara yake ni kubwa kuliko ya nyungunyungu.

Sato, ambaye wengi nchini Uganda humwita ngege, hula zaidi mwani na vitu vidogo majini. Ndoano kubwa haimfai. Hunaswa kwa ndoano ndogo yenye kipande cha nyungunyungu au tonge dogo la unga uliokandwa, karibu na majani. Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua na kuanguka majini, samaki wengi hupanda juu kuwala. Siku hiyo kumbikumbi ndio chambo.

Chambo kinachoila kesho

Kuna swali ambalo mvuvi hujiuliza kwa nadra: samaki mdogo anayewekwa kwenye ndoano ametoka wapi? Akiwa ni kitoto cha sangara au cha sato, mvuvi ametumia samaki ambaye angekua na kuzaa. Sheria za Uganda hupinga kuvua samaki wachanga. Katika Ziwa Victoria, kwa mfano, sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Wanaokusanya vitoto vya samaki kwa nyavu za macho madogo hudhoofisha uvuvi ambao wao wenyewe huutegemea.

Njia nyingine ipo. Kandokando ya Ziwa Victoria, wafugaji nchini Uganda na Kenya huzalisha vifaranga vya kambare kwenye mabwawa na kuviuza kwa wavuvi wa sangara. Kambare hustahimili safari kwa sababu anaweza kupumua hewa ya juu ya maji, na hubaki hai kwenye ndoano kwa muda mrefu. Kwa mfugaji wa Koboko mwenye bwawa dogo, chambo chaweza kuwa zao la kuuza, na kwa mvuvi wa Nile, ni chambo kisichopunguza samaki wa mtoni.

Jambo la mwisho halihusu samaki. Saa zinazomfaa sangara ndizo pia saa za mamba na viboko kutembea kandokando ya mto. Mvuvi asisimame ndani ya maji, asioshe chambo wala kupasua samaki pale pale anapovulia, na asiende peke yake. Chambo chenye harufu nzuri kwa kambare hunusiwa na wengine pia.