Homa ya Virusi Inapoamsha Uvimbe wa Adrenali

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo iitwayo adrenali. Kiini chake hutoa adrenalini na noradrenalini, homoni zinazoupa moyo kasi na kubana mishipa ya damu mtu anaposhtuka au kuugua. Uvimbe ukiota hapo, yaani feokromositoma, homoni hizo humwagika ovyo. Ni ugonjwa wa nadra, na wengi huishi nao miaka mingi wakidhaniwa wana presha ya kawaida.

Sasa mtu huyo apate mafua makali au korona. Maambukizi huweza kuuchokoza uvimbe, nao ukaachia homoni kwa wingi. Shida ni kwamba dalili zake kuu, yaani kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio, ndizo hizo hizo za homa ya virusi. Hata joto la mwili laweza kutoka kwenye uvimbe wenyewe, maana baadhi hutoa interlukini-6, kemikali ya uchochezi. Mapafu yakijaa maji, picha ya eksirei hufanana na nimonia.

Mimi huitazama presha kwanza. Maambukizi makali kwa kawaida huishusha. Mgonjwa mwenye homa akisoma 220 kwa 120, uso umepauka na mikono ya baridi, kisha muda si mrefu akashuka hadi 80 kwa 50, tusiseme ni virusi tu.

Dawa nazo zina hatari yake. Metoklopramidi, tunayompa anayetapika, huweza kuulipua uvimbe huu. Deksamethasoni vilevile. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha mwaka 2020 kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni, na sisemi wanyimwe. Nasema presha ipimwe mara kwa mara. Propranolo ikitangulizwa peke yake ili kutuliza moyo, presha hupaa zaidi. Huanza doksazosini au fenoksibenzamini kufungua mishipa, na upasuaji wa kuuondoa uvimbe husubiri, mara nyingi siku 7 hadi 14.

Uvimbe huthibitishwa kwa kupima metanefrini, yaani mabaki ya homoni hizo, katika damu au mkojo wa saa 24, kisha CT skani. Mgonjwa akiwa mahututi metanefrini hupanda hata bila uvimbe, kwa hiyo kipimo chake hurudiwa akipata nafuu. Na kwa kuwa takriban theluthi ya wagonjwa wamerithi kasoro ya jeni, ndugu zao wa damu nao wafikiriwe kupimwa.