Masika ni wakati wa kununua tela Tunduma, lakini kwa hesabu

TUNDUMA - Mvua zinapokolea kati ya Januari na Aprili, maegesho ya malori yaliyo kandokando ya barabara kuu ya Mbeya hujaa matope na matela yasiyo na kazi. Huu ndio wakati ambao mwenye tela huanza kusikiliza bei ambayo mwezi Agosti asingekubali hata kuijibu.

Kwa msafirishaji mdogo mwenye lori moja au kichwa kimoja, nafasi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, nafuu ya masika haiwi faida mpaka itolewe gharama ya kulilaza tela hadi mzigo utakapopatikana. Wanunuzi wengi hupiga hesabu ya kwanza na kusahau ya pili.

Misimu miwili, soko moja

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mbolea na pembejeo hupita mapema. Baada ya hapo wakulima wa Mbozi, Momba na Ileje hungojea mashamba yakomae. Mahindi huanza kutoka mashambani kuanzia Mei, na kahawa ya Mbozi hufuata kuanzia katikati ya mwaka. Kati ya Juni na Oktoba mwenye tela huchagua mzigo. Ifikapo Februari, mzigo ndio humchagua yeye.

Aidha, Tunduma ina soko la pili lisilofuata kalenda ya mkulima. Shaba kutoka Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huelekea bandari ya Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa, na mafuta na bidhaa za dukani hurudi kwa njia hiyohiyo. Tela la tenki au la kubebea makontena halishuki bei kwa sababu ya mvua pekee. Hushuka migodi inapoyumba au mpaka unapofungwa.

Mwaka 2008 ulitoa mfano. Bei ya shaba duniani, iliyokuwa juu ya dola 8,000 kwa tani katikati ya mwaka, ilianguka hadi karibu dola 3,000 kufikia Desemba. Agosti 2024, Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache kutokana na mvutano wa biashara, na malori ya shaba yakalazimika kusimama.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si bei. Ni kujua tela analolitazama lilikuwa likila mzigo gani. Tela la wazi lililozoea magunia ya mahindi linauzwa Februari kwa sababu inayoeleweka. Tela la kontena linalouzwa kwa bei ya chini wakati wenzake wako barabarani linahitaji maelezo zaidi.

Desturi hii haiko Tunduma peke yake. Marekani na Ulaya, wanunuzi wa matela ya kulala watalii hungojea majira ya baridi, wakati muuzaji anapolipia maegesho ya kitu asichoweza kukiuza kwa bei ya kiangazi. Tofauti ni kwamba tela la mtalii likikaa, mwenyewe hukosa starehe tu. La Tunduma likikaa, marejesho ya benki hayakai.

Hesabu ya pili

Tuseme tela la wazi lenye ekseli tatu linaulizwa shilingi milioni 34 mwezi Agosti, na mwenyewe yuko tayari kuliachia kwa milioni 30 mwishoni mwa Februari. Mnunuzi anaona ameokoa shilingi milioni nne.

Kama amekopa fedha zote kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na tela halitapata mzigo wa uhakika hadi mwisho wa Juni, riba ya miezi minne kwa deni zima ni shilingi 1,800,000. Maegesho na mlinzi kwa shilingi 2,000 kwa siku, siku 120, ni shilingi 240,000. Nafuu imeshuka hadi shilingi 1,960,000. Likigundulika kuwa na matairi mawili yaliyozeeka ambayo hayakuonekana siku ya kununua, kwa shilingi 700,000 kila moja, kinachobaki ni shilingi 560,000.

Mnunuzi mwingine angengoja hadi mwisho wa Aprili na kununua tela hilohilo kwa shilingi milioni 31. Riba ya miezi miwili ni shilingi 930,000 na maegesho ni shilingi 120,000. Kabla ya kugusa matairi, ameokoa shilingi 1,950,000. Yule wa Februari amemzidi kwa shilingi 10,000 tu, ingawa alipata bei ya chini kwa milioni nzima.

Isitoshe, benki haidai riba peke yake. Mkopo wa shilingi milioni 30 unaolipwa kwa miezi 24 kwa riba hiyo una rejesho la karibu shilingi milioni moja na nusu kila mwezi. Aliyenunua Februari hutoa karibu shilingi milioni sita mfukoni kabla tela halijabeba gunia la kwanza. Hapo ndipo wasafirishaji wadogo huuza kichwa ili kulipia tela.

Anayenunua kwa fedha yake mwenyewe yuko katika hali nyingine. Hana riba, na maegesho hayawezi kumaliza milioni nne. Kwake Februari ni mwezi mzuri, mradi fedha hiyo haikuwa mtaji wa mafuta na matairi ya lori alilonalo.

Mvua ni fundi wa bure

Masika yana faida nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Muuzaji hana haraka ya kuwahi mzigo, na mnunuzi anaweza kuleta fundi wake na kukaa chini ya tela nusu siku. Mwezi Agosti mnunuzi huoneshwa tela likiwa limefungwa turubai, dereva akiwa ameshawasha injini.

Jambo la kwanza ni chasisi. Kutu ya juu si hoja. Hoja ni kutu inayobanduka kwa tabaka, na mahali palipochomelewa upya na kupakwa rangi mpya. Tela lililozidishiwa mzigo huanza kupasuka karibu na springi na shingoni, mahali linapokutana na kichwa. Rangi mpya sehemu hizo tu ni dalili mbaya kuliko kutu.

Matairi husomwa, hayatazamwi kwa macho tu. Ubavuni mna tarakimu nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri huku ubavu umeshachoka kwa umri na jua. Tela la ekseli tatu lenye matairi pacha lina matairi 12, hivyo kosa hapa halilipwi kwa fedha ndogo.

Kwa semi tela, ile pini inayoingia kwenye sahani ya kichwa nayo hupimwa. Pini ya kawaida ya inchi mbili ina kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya, na ikilika hadi milimita 49 inapaswa kubadilishwa. Kwa puli linalovutwa nyuma ya lori, kinachokaguliwa ni mkono wa kuvutia na tundu lake. Breki za upepo zijazwe na kuachwa kwa muda ili kusikiliza kama zinavuja. Miguu ya kusimamia ishushwe na kupandishwa mbele ya mnunuzi.

Mizani haijui msimu

Sababu moja ya matela mengine kuwa rahisi ni mizani. Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Kundi la ekseli mbili zenye matairi pacha haliruhusiwi kuzidi tani 18, na kundi la ekseli tatu tani 24. Matairi mapana ya moja moja yana kikomo cha chini zaidi.

Tofauti kati ya ekseli mbili na tatu ni tani sita. Ukitoa uzito wa ekseli yenyewe, mzigo unaoongezeka ni kama tani tano kila safari. Tela la ekseli mbili likinunuliwa kwa bei ya chini, mnunuzi huilipa tofauti hiyo kila anapopita Mpemba, kisha Makambako, na mizani nyingine zote hadi Vigwaza. Linaweza kumfaa anayebeba mzigo mwepesi wenye ujazo mkubwa, kama magodoro au vyombo vya plastiki. Kwa mahindi na saruji halimfai.

Ng'ambo ya mpaka

Nakonde iko hatua chache kutoka Tunduma, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe Oktoba 2019 watu na mizigo hupita kwa urahisi zaidi. Urahisi huo huwashawishi baadhi ya wanunuzi kutazama matela yenye namba za Zambia. Bei inayotajwa upande wa pili ni ya tela lisilolipiwa ushuru wa Tanzania. Likiingizwa kuuzwa nchini, ni bidhaa kutoka nje kama nyingine, nalo lazima lipite forodha, lilipiwe kodi na kusajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Anayelificha nyuma ya kichwa cha Kitanzania hununua kesi.

Kwa tela la ndani, namba ya chasisi ilinganishwe na kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu. Kama muuzaji anaonesha nakala na kusema kadi halisi iko mahali fulani, mnunuzi aulize kama mahali hapo ni benki. Tela lililowekwa rehani haliwi la mnunuzi kwa sababu tu ameshalilipia. Malipo yafanyike baada ya kuthibitisha, na umiliki uhamishwe siku ileile.

Matela mapya na yaliyoingizwa kutoka nje yalizoeleka kutajwa bei kwa dola. Kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hivyo mnunuzi ana haki ya kudai bei ya shilingi. Aulize pia kama bei hiyo tayari ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, maana jibu linaweza kufuta nafuu yote ya masika.

Msimu unaweza usije

Anayenunua Februari ananunua ahadi ya Juni, na ahadi hiyo haiko mikononi mwa muuzaji. Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Aliyekuwa amenunua tela mapema mwaka huo kwa matumaini ya kuvusha mahindi alijikuta na tela, deni na mpaka usiopitisha mzigo wake.

Mwaka 2024 mambo yalikuwa kinyume. Ukame uliiharibu mahindi ya Zambia, Rais wa nchi hiyo akautangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari, na katikati ya mwaka Tanzania ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Aliyekuwa na tela zima kabla ya watu kuanza kuyatafuta hakuhitaji dalali.

Wote wawili wangeweza kununua mwezi uleule, kwa bei ileile. Kilichowatenganisha ni mvua ya nchi jirani na uamuzi wa Serikali. Ndiyo maana mnunuzi makini hufuatilia habari za mavuno ya Zambia kuanzia Februari, kabla hajafuatilia bei za maegesho ya Tunduma.

Liko pia suala la reli. Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya kilomita 1,860 inayopita hapa Tunduma. Mzigo mzito wa masafa marefu ndio utakaovutwa kwanza na treni. Mwenye kununua tela la kutumia miaka 10 au 15 hana budi kuliweka hilo katika hesabu. Mahindi ya kutoa kijijini hadi ghalani yataendelea kuhitaji barabara.

Kwa muhtasari, mwenye fedha taslimu na fundi mwaminifu anunue Februari, achague bila haraka, na asione haya kuondoka mara mbili kabla ya kukubali. Mwenye mkopo angoje hadi mwisho wa Aprili, na asitie saini benki kabla hajapata mtu wa kumpa mzigo wa Juni. Asiye na mzigo wala akiba ya marejesho ya miezi minne akodi tela kwa msimu mmoja kwanza. Kodi humalizika msimu unapoisha, lakini deni huingia nalo kwenye masika yanayofuata.