Acheni Kuchomoa Betri Injini Ikiunguruma

Swali linalonifikia ni lilelile. Gari la zamani la dizeli limefungwa altaneta kubwa zaidi kwa ajili ya taa za ziada, winchi au friji, na tangu siku hiyo linazima ghafla, hasa likiwa silensa au likipita kwenye matuta. Fundi amechomoa kichwa cha betri injini ikiwaka, injini ikazima, akahukumu kwamba altaneta ni feki. Basi mwenye gari anauliza: ninunue ya ampea ngapi?

Usinunue chochote. Gari lako halijapimwa bado, na huko kuchomoa betri si kupima.

Enzi za dainamo zoea hilo lilikuwa na maana kidogo, kwa kuwa dainamo haina dayodi za kuungua. Altaneta inazo, pamoja na regyuleta ya kielektroniki, na betri ndiyo inayotuliza volti zake. Ukiichomoa betri wakati altaneta inachaji kwa nguvu, regyuleta haiwahi kupunguza umeme na volti zinaruka. Kwenye mfumo wa volti 12 zinaweza kupita 80. Kwenye mfumo wa 24 zinaweza kupita 150. Ni kwa kitambo kidogo sana, lakini kinatosha kuua dayodi, regyuleta, redio na kifaa cha GPS. Kwa hiyo altaneta iliyoingia gereji ikiwa nzima inaweza kutoka ikiwa mbovu, halafu ubovu huo huo ukaoneshwa kuwa ushahidi kwamba fundi alisema kweli. Hapo ndipo hasira hunipanda, maana mteja ananunua altaneta ya pili kwa kosa la mtu mwingine na gari linaendelea kuzima.

Tuseme haikuungua kitu. Umejua nini? Injini ikizima, huenda altaneta ni nzima ila bila betri imeshindwa kushika volti kwenye mzunguko mdogo wa silensa. Isipozima, huenda dayodi moja imekufa na umeme uliobaki bado unatosha kuishikilia injini. Na lile gari ambalo pampu yake huzimwa kwa kuvuta kebo litaunguruma hata ukiing'oa altaneta yenyewe, kwa sababu injini ya namna hiyo ikishawaka haihitaji umeme kabisa.

Kwenye injini kama 1HZ ya Land Cruiser "mkonga", au 4JB1 ya Isuzu, kinachoamua ni waya mmoja mwembamba unaotoka swichi ya ufunguo hadi solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu. Waya huo ukikosa umeme, dizeli inakatwa papo hapo. Ndiyo sababu huwa nauliza kwanza: linazimaje? Likikata ghafla kama umezungusha ufunguo, tafuta umeme. Likikohoa, mlio ukapanda na kushuka kabla ya kuzima, hapo kuna hewa au uchafu. Nenda kwenye chujio na mipira ya dizeli.

Mshukiwa wangu wa kwanza si altaneta, ni maungio. Anayeongeza vifaa hutafuta waya wenye umeme ufunguo ukiwashwa, na huu wa solenoidi anaukuta upesi. Redio inaungwa hapo, taa zinaungwa hapo, kisha wa GPS anaukata katikati aweke rilei ya kuzimia gari kwa mbali, anaviringisha solotepu na kuondoka. Vumbi na mtikisiko vinamalizia kazi.

Chukua mita. Injini ikiwaka na taa zote zikiwashwa, pima betri: 13.8 hadi 14.4 kwa mfumo wa 12, mara mbili yake kwa 24. Pima solenoidi na bodi ya pampu. Ikipungukiwa na betri kwa volti nzima, rudi nyuma na waya: rilei ya GPS, maungio, fyuzi, swichi iliyochakaa. Pima bodi ya altaneta na hasi ya betri; ikizidi 0.2, waya wa ethi ni mwembamba au umeoza, weka mnene. Bado huna uhakika? Chomoa waya wa solenoidi, ilishe moja kwa moja kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyo mahali mkono wa dereva unafika, maana ufunguo hautalizima gari. Likiacha kuzima, pampu haina kosa. Linasinzia tu mizigo ya umeme ikiwashwa? Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, na injini inalipa zaidi ya hapo. Rekebisha silensa ifike kiwango cha mtengenezaji. Puli ya altaneta mpya ni kubwa kuliko ya zamani? Ibadilishe, inazunguka polepole mno kuchaji gari likiwa silensa. Vifaa vyote vipya vihamishiwe waya wao kutoka betri, kwa fyuzi na rilei yao.