Uchelewaji au mtawanyiko? Kuhusu wakati katika vigunduzi vya fotoni

Katika rasimu ya tafsiri tuliyopewa kusahihisha, neno moja lilitusumbua. Mwanafunzi alieleza kwamba kigunduzi cha silikoni chenye uwezo wa kutambua fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, kina «uchelewaji» wa pikosekunde 50. Pikosekunde 1 ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Sentensi ilikuwa fasaha, lakini fizikia yake ilipotoka.

Uchelewaji usiobadilika hauleti dhara: ukiujua, waupunguza katika hesabu, kama afanyavyo mwenye saa iliyotangulia dakika 5. Kinachoharibu kipimo ni kutofautiana: fotoni hii hujibiwa mapema, ile baadaye kidogo, wala hatuwezi kubashiri. Hali hiyo twapendekeza iitwe mtawanyiko wa wakati. («Mtetemo» haufai; hakuna kinachotikisika.) Umbali upimwapo kwa mwali wa leza uendao na kurudi, mtawanyiko wa pikosekunde 100 ni sawa na sentimeta 1.5.

Chanzo chake ni nini? Fotoni ikiingia katika silikoni hung'oa elektroni. Penye uga mkali wa umeme, elektroni hiyo hukimbizwa, hugonga atomi na kung'oa nyingine, nazo nyingine tena, hata ukatokea mporomoko unaopimika. Elektroni iliyozaliwa chini zaidi, katika tabaka lisilo na uga, hutangatanga kwanza. Nyingine hufika zimechelewa mno. Tena mporomoko huanzia mahali padogo ndipo uenee, na muda wa kuenea hutegemea ulipoanzia.

Kwa hiyo mafundi hupunguza upana wa kigunduzi, hulifanya jembamba tabaka lile la chini, na huweka sakiti inayoutambua mkondo ungali mdogo, kabla haujaenea. Mwaka 1989 Sergio Cova na wenzake, huko Milano, walitangaza pikosekunde 20. Gharama ipo: silikoni nyembamba huziacha fotoni nyingi nyekundu zipite bila kunaswa.

Katika rasimu tumeandika «mtawanyiko», na tumemwomba mwanafunzi aeleze pia upana huo ulipimwa wapi. Kwa desturi hupimwa kwenye nusu ya kimo cha mchoro, na hapo mkia mrefu wa elektroni zile zinazotangatanga hauonekani kabisa katika tarakimu.