Kujifunza piano ukubwani: Usivikimbize vidole

METHALI ya samaki mkunje angali mbichi imewakatisha tamaa watu wazima wengi waliotamani kujifunza piano. Mtu ana miaka 50, kanisani kwake kuna kinanda kinachokaa wiki nzima bila kuguswa, lakini anaona aibu kuanza sasa. Anaamini kichwa kimeshakuwa kizito na vidole vimekakamaa.

Kichwa hakiwi kizito kiasi hicho. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha watu 31 wa miaka 60 hadi 85. Waliofundishwa piano kwa miezi sita walifanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya vipimo vya umakini na kumbukumbu kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Ni utafiti mdogo. Hauthibitishi kwamba piano inazuia maradhi ya usahaulifu uzeeni, na mwalimu anayekuuzia masomo kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Tatizo la mtu mzima ni haraka. Wimbo anao tayari masikioni, anataka mikono iufikie leo. Basi anapiga kwa kasi, anakosea mahali fulani, anarudi mwanzo, anakosea palepale. Akirudia hivyo mara 20, vidole vimejifunza kosa mara 20.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapa wanafunzi 17 wa piano kipande kifupi cha Shostakovich wakifanyie mazoezi wanavyotaka, kisha kesho yake wakakipiga tena. Waliofanya vizuri zaidi hawakuwa lazima waliofanya mazoezi muda mrefu. Walikuwa wale ambao wakikosea husimama, hutafuta kosa liko wapi hasa, hupunguza kasi na kulirekebisha kabla ya kusonga mbele.

Chukua ile minueti ndogo ya Sol iliyomo katika daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ya Bach mwenyewe, kumbe ni ya Christian Petzold. Wanaoanza wengi hupitia hapo. Usiipige yote. Chukua mstari mmoja, mkono wa kulia peke yake, polepole kiasi kwamba unajua kidole kinachofuata kabla hakijashuka. Sikiliza kila sauti mpaka iishe. Halafu jikague: umekaza taya? Mabega yamepanda? Umebana pumzi? Mara nyingi jibu ni ndiyo, hata kwa wimbo wa kitoto. Legeza, rudia, kisha mkono wa kushoto. Dakika 20 za namna hiyo zinachosha akili kuliko saa nzima ya kugongagonga. Ukimaliza, acha. Kazi nyingine ya kukariri hufanywa na ubongo ukiwa umelala usiku.

Upole huu una sababu ya kiafya pia. Leon Fleisher wa Marekani alikuwa miongoni mwa wapiga piano mahiri wa kizazi chake. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa bado na miaka 30 na ushei, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe. Ni maradhi ya mawasiliano kati ya ubongo na misuli, na yeye mwenyewe aliyahusisha na mazoezi ya kupita kiasi. Kwa takriban miaka 30 alipiga zaidi kwa mkono wa kushoto, hadi matibabu yalipomsaidia kurudia mikono yote miwili.

Anayeanza ukubwani hawezi kufika huko kwa urahisi, ila kano za mkono wake hazipendi kazi mpya ya ghafla. Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa vidole vyao hukakamaa upesi. Kiti nacho kina kesi yake: vile vya plastiki huwa vifupi mno, mkono unaning'inia na kifundo kinapinda. Weka mto mpaka kiwiko kilingane na vibonyezo.

Uchovu kidogo wa misuli ni kawaida. Maumivu makali si kawaida, wala ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku. Hapo pumzisha mkono, na hali ikiendelea nenda hospitali ukapimwe. Usijipake dawa ya kuchua na kurudi kwenye kinanda.